Magunia Matatu ya Mbolea kwa Siku

Hamjambo wote, na poleni nyinyi mliokwama kwenye foleni ya Thika Road.

Yafikirie maji uliyoyamwaga chooni leo asubuhi. Kama nyumba yako imeunganishwa na bomba la maji taka, huenda yanaelekea Ruai, kwenye mabwawa ya Dandora. Yakitoka pale yanaingia Mto Nairobi, kisha Athi, ambao huko mbele unaitwa Galana, halafu Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Sisi wa Nairobi uchafu wetu una pa kwenda. Watu wa Malindi wana maneno yao kuhusu hilo.

Nakuru hawana njia hiyo. Mji ule una mitambo miwili ya kusafisha maji taka, wa Njoro na wa Old Town, na maji yake yanaishia Ziwa Nakuru. Mito inaingia ziwani mle, wala hakuna hata mmoja unaotoka. Maji yanaondoka kwa jua tu, na jua likichukua maji linaacha kila kilichokuwa ndani yake. Ndiyo asili ya magadi, ile chumvi ya ziwa lile.

Sasa, mimi nayapenda mabwawa ya maji taka. Mnacheka, lakini kweli. La kwanza ni la kina, halina hewa. Tope linazama, na harufu mnaijua. La pili halina kina kirefu: bakteria wanakula uchafu, mwani, vile vimea vidogo vya kijani majini, unawatolea oksijeni kwa nguvu za jua. La mwisho maji yanatulia siku kadhaa, vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vinakufa, mayai ya minyoo yameshazama. Mteremko ukiwepo, hakuna injini wala bili ya stima. Kinachohitajika ni mtu wa kuchota tope kila baada ya miaka michache. Lisipochotwa, bwawa lililochimbwa maji yakae siku kumi linabaki la siku nne, na hakuna atakayeona tofauti kwa macho.

Kanuni zetu za mwaka 2006 zilitaka maji yanayotoka yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita, bakteria wakila uchafu uliobaki kwa siku tano. Kipimo hicho ni kizuri. Lakini hakigusi fosforasi, kirutubisho kile kilicho kwenye mbolea. Kaboni huliwa ikapaa kama hewa, naitrojeni pia kwa sehemu. Fosforasi haipai. Inazama na tope au inatoka na maji.

Hebu tupige hesabu. Chukua mtambo mdogo wa kuwaza tu, unaotoa mita za ujazo 5,000 kwa siku, kila lita ikiwa na miligramu 6 za fosforasi. Hizo ni kilo 30. Gunia la mbolea ya DAP la kilo 50, lile mnalonunua msimu wa kupanda, lina fosforasi ya kilo kumi hivi. Kwa hivyo mtambo huo unatia ziwani magunia matatu kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, na bado unaweza kufaulu kipimo cha oksijeni.

Mbolea hiyo inaotesha mwani ziwani. Kuna anayeuliza: si mwani ndio chakula cha heroe, wale flamingo? Ndiyo, aina moja hasa. Nyingine hutoa sumu. Na tusiutwike mtambo kila lawama: tangu miaka ya 2010 ziwa limefura, magadi yakazimuliwa, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Mitaro ya mvua nayo inaleta oili na plastiki bila kupitia bwawa lolote, ila hiyo haina geti la kupigia picha.

Ninachotaka mimi ni kidogo: ripoti ya kila mwezi iandike kilo za fosforasi zilizoingia ziwani, na tope lilichotwa lini.

Naona mkono pale nyuma. Karibu, mama.