Gego la Utoto Lina Kazi Yake

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za asubuhi. Mwalimu mkuu kanipa dakika kumi, na uji wa watoto umeshaiva, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Kliniki hakipiti kipindi bila mama kuja mbio: "Daktari, mwanangu ameota meno safu mbili!" Mtoto ana miaka 6 au 7, meno ya ukubwani ya chini yamechomoza nyuma ya yale ya utoto. Mama zangu, tulieni. La utoto likiwa linalegea, mwacheni alitikise mwenyewe. Likitoka, ulimi utalisukuma jipya mbele taratibu. Likiwa gumu kama msumari na jipya limeshapanda, hapo mleteni.

Linalonikosesha usingizi mimi ni gego. Gego la utoto likitoboka, tunasemaje? "Ling'oe tu, si litaota jingine?" Litaota, lakini lini? Meno ya mbele hubadilika kati ya miaka 6 na 8. Magego ya utoto hukaa mpaka 10, 11, hata 12. Ukilitoa la nyuma mtoto akiwa na miaka 6, umeacha pengo la miaka mitano hivi. Na umri huo huo, nyuma yake, linaota gego la kwanza la ukubwani. Halimng'oi mwenziwe, linajitokeza kimya kule ndani, na wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Likikuta pengo mbele yake, linasogea. Daladala ya Mbagala jioni mnaijua: ukiinuka kidogo kuokota mfuko, kiti kimekwenda. Jino lenye nafasi yake likifika, linakuta pamejaa, basi linaota pembeni, au kuelekea ulimini, au linabaki humo humo ndani ya ufizi. Ndipo mnaniletea kijana wa miaka 13 mkiulizia bei ya waya wa kunyoosha meno.

Kwa hiyo likitoboka, lizibwe. Ikishindikana likang'olewa, muulizeni daktari kuhusu kushikilia nafasi: pete ya chuma inavishwa gego la jirani, ina kitanzi cha waya kinacholinda pengo. Ni kidude kidogo, na gharama yake haikaribii ile ya kufunga waya kinywa kizima.

Sasa kuna jambo mtaninunia. Yale mnayoyaita meno ya plastiki. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, mtu anapapasa ufizi, anakuta kauvimbe, anaitwa fundi wa kuchokonoa. Kile cheupe laini anachowaonyesha ni chonge ya utoto ambayo haijakomaa! Na chipukizi la chonge ya ukubwani liko jirani, nalo huumia. Nawapata wakiwa wakubwa, chonge ya upande mmoja haipo, meno ya mbele yamelalia huko. Kuharisha kuna dawa yake, ORS na zinki, na hakukuletwa na jino.

Nimemsikia baba pale nyuma akinong'ona, na mwanya je? Mzee, mianya kwenye meno ya utoto ni neema, maana ya ukubwani ni mapana zaidi. Anayenitia shaka ni yule wa miaka 5 ambaye meno yamebanana kama punje za mahindi na kila mtu anamsifia. Mwanya wa meno mapya ya juu, akiwa na miaka 8, msiuguse. Mara nyingi hupungua chonge zikishuka, miaka 11 au 12. Ukibaki, mwenyewe ataamua, na kwetu hapa wengi wanauringia.

Lisilosubiri ni jino la juu la mbele linaloangukia nyuma ya la chini mtoto akifunga kinywa. Na anayenyonya kidole mpaka leo, darasa la pili, tuonane pembeni, bila kumwaibisha.

Nimekuja na tochi na vioo. Tutaanza na hao hao wa darasa la pili. Wakimaliza uji, wasukutue kwanza.