Kabla Hamjamwachia Mnyama Porini

(Mhadhara uliotolewa Bukavu mbele ya wanafunzi na wakaaji wa mji)

Wazee wetu, mama na papa, na ninyi wanafunzi mliojaza ukumbi, asanteni kwa kuja.

Najua wengi wenu mmekuja na swali moja. Msitu wa Kahuzi uko palepale juu, na sokwe zaidi ya 100 wako Lwiro, kwenye kituo cha wanyama waliookolewa, wakila chakula cha kuletewa. Kwa nini wasipakiwe kwenye gari wakaachiwe? Ni swali la watu wenye huruma, na nalijibu kwa heshima: huruma ya namna hiyo imeshaua wanyama wengi.

Tuanze na maji. Katikati ya 2018 Kenya ilihamisha vifaru weusi 11 kutoka Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki. Waliohamisha walikuwa wataalamu, wenye malori na dawa za usingizi. Lakini maji ya visima vya kule yalikuwa na chumvi kuliko waliyozoea. Kifaru akiyanywa, kiu inazidi. Kiu ikizidi anarudi kisimani. Na kadiri anavyokunywa ndivyo mwili unavyokauka. Kumi walikufa. Wa kumi na moja alishambuliwa na simba, naye akafa. Mwaka huohuo vifaru weusi 6 walitolewa Afrika Kusini wakapelekwa Zakouma, Chad. Kabla mwaka haujaisha wanne walikuwa wamekufa, wamekonda, wameshindwa kuzoea nchi mpya. Na hao wote walijua maisha ya porini. Sasa mfikirieni sokwe aliyekulia kwenye parsele hapa Kadutu, amefungwa mnyororo kiunoni, akila foufou na mikate.

Safari yenyewe nayo ni hatari. Mnyama akifukuzwa, akakamatwa, akahangaika ndani ya sanduku, misuli yake inaweza kuanza kuharibika. Uchafu wa misuli hiyo unaingia kwenye damu na kuziba figo, akafa siku kadhaa baada ya kuachiwa, wakati waliomleta wameshaondoka wakiamini yote yamekwenda vizuri.

Nikae zaidi kwenye jambo ambalo watu hawalioni: msitu una wenyewe. Kule Kongo-Brazzaville, kati ya 1996 na 2001, shirika la HELP Congo liliachia sokwe 37 katika msitu wa Conkouati, na likawafuatilia kwa miaka. Sokwe wa pale hawakuwapokea wote sawasawa. Madume walioachiwa ndio walioshambuliwa zaidi na madume wenyeji. Majike walikuwa na nafuu. Ndivyo sokwe walivyo. Madume hulinda eneo lao kwa pamoja, hupita mipakani kimya, na jirani wakimkuta peke yake humuua. Kahuzi kuna sokwe wenyeji, na kuna gorila. Tukiwapeleka wa Lwiro pale bila kupima, ama watauawa, ama wataua.

Na hata wasipopigana, kuna maradhi. Sokwe hushikwa na mafua yetu, surua yetu, kifua kikuu chetu. Aliyelala nyumba moja na mtu anayekohoa anaweza kuonekana mzima kabisa. Ndiyo maana anapopokelewa hutengwa kwanza kwa wiki nyingi. Analazwa usingizi, daktari anamdunga tone dogo la dawa ya kipimo ndani ya ngozi ya kope la juu. Kwa nini kope? Kwa sababu mlezi anaweza kulitazama kwa mbali bila kumlaza tena. Baada ya saa 24, 48, na 72 anakuja mbele ya kizimba na ndizi, anasubiri mnyama ainue uso, analinganisha macho mawili. Kope likivimba, kuna shaka ya kifua kikuu. Mtu anayekwenda usiku kumfungulia makako wake, yaani kima, ukingoni mwa msitu hajatazama kope lolote.

Kasuku nao mnawajua. Wengi hunaswa kwa ulimbo, kisha muuzaji anawakata manyoya ya bawa kwa mkasi wasiruke. Unyoya uliokatwa haurefuki; lazima shina lake lianguke, ndipo mpya uote, na hiyo ni kazi ya miezi mingi. Ukimrusha hewani leo, ataanguka hatua chache mbele yako.

Sisemi jambo hili haliwezekani. Hapa kwetu Kivu limefanyika, na najivunia. Gorila majike wanne waliolelewa yatima kwenye kituo cha GRACE, Kasugho, walipelekwa mlima Tshiaberimu, katika mbuga ya Virunga, mahali palipobaki gorila wachache mno. Waliwekwa kwanza ndani ya uzio palepale mlimani, wazoee baridi na majani ya kule, na gorila wa msituni wapate kuwasogelea wenyewe. Mwezi wa kumi 2024 wakaingia msituni na kujiunga nao. Nyuma ya siku hiyo kuna miaka ya malezi na vipimo, na walinzi wanaoendelea kuwafuata.

Mama mmoja ameuliza: akikuta mtoto wa makako anauzwa barabarani, amnunue ili amwokoe? Mama, usimnunue. Muuzaji atachukua pesa yako na kesho atarudi kwa mwindaji, na mwindaji ataua mama mwingine ili apate mtoto. Kumbuka mahali na saa, pelekea habari ICCN, idara ya serikali inayolinda mbuga na wanyama. Kama tayari unaye nyumbani, mkabidhi, wala usiogope maneno ya majirani.

Na kijana wa nyuma ameuliza kama sokwe wa Lwiro watazeekea palepale. Wengi wao, ndiyo. Sokwe anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, na ili aachiwe anahitaji msitu wenye chakula cha kutosha, usio na mitego, usiojaa tayari sokwe wengine, na vijiji vya kandokando viwe vimekubali. Mkitaka kuwasaidia, anzieni kwenye mitego.