Mtoto wa Wete Akija na Pasipoti ya London

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu na vijana. Ahsanteni kwa kujaa namna hii, na joto lenyewe hili la Chake Chake, hapa Pemba.

Nimeombwa nizungumze juu ya viza za wageni wetu wa Idd. Wageni wenyewe mnawajua, ni wajukuu zenu walioko nje. Nianze na jambo ambalo malalamiko mengi ninayoletewa yanatokana nalo: viza haitazami nasaba. Afisa wa Uhamiaji hamuulizi mtu babu yake kazikwa wapi. Anafungua pasipoti, anatazama nchi gani imeitoa, basi.

Ushahidi tunao karibu. Wapemba waliohamia pwani ya Kenya, kule Kilifi na Kwale, walikaa miaka mingi wakiwa hawana karatasi ya nchi yoyote. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ikawatambua kuwa moja ya makabila yake, wakaanza kupewa vitambulisho. Leo aliyefika hadi kupata pasipoti ya Kenya anakuja kumtazama shangazi yake Micheweni na viza halipi hata senti. Mnadhani ni kwa sababu ya Upemba wake? Hata kidogo. Ni kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Mluo wa Kisumu naye anaingia vivyo hivyo. Ila binamu yake aliyezaliwa Wete, akaondoka baada ya yale ya Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi, na sasa ni raia wa Uingereza, huyo atalipa dola 50. Mwenye pasipoti ya Marekani dola 100, ingawa yeye hupewa ya kuingia na kutoka mara nyingi.

(Na nyinyi wa Shimoni, ng'ambo Kenya, mnaocheka huko nyuma: kutolipa viza si ruhusa ya kushuka na dau pwani yoyote usiku. Muhuri lazima upigwe.)

Sasa lipo hili linaloniumiza kichwa. Mtu ananipigia simu: "Mjomba, ile pasipoti yangu ya Tanzania bado ninayo. Nitatoka London na hii, nitaingia na ile." Usifanye. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Aliyeomba wa Uingereza kwa hiari yake akapewa, wa Tanzania umemtoka, hata kama kile kitabu muda wake haujaisha. Tena pasipoti ya Uingereza inaandika mji aliozaliwa mtu. Afisa akisoma "Wete" atauliza, na ana haki ya kuuliza. Jibu ni fupi: nilikuwa Mtanzania, sasa ni Muingereza, viza yangu hii.

Watoto wana habari yao. Mtoto aliyezaliwa Leicester wakati mama yake bado ni Mtanzania wa kuzaliwa anaweza kuwa raia wetu kwa kurithi, na akifika miaka 18 inambidi achague. Lakini huyo mtoto akizaa huko huko, mjukuu harithi tena. Kamba inakatikia hapo. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuja likizo mama, aliyekwisha kuchukua uraia wa Uingereza, analipa, mtoto halipi, na hapana aliyedanganya.

Fomu hujazwa kwenye mtandao. Kurasa za kuigiza ni nyingi, zinafanana na ya serikali na zinatoza zaidi. Ya kweli anwani yake inaishia na go.tz. Mwambieni aombe wiki kadhaa kabla, pasipoti iwe na miezi sita mbele yake, na jina aliandike kama lilivyo ndani ya pasipoti, si kama mnavyomwita nyumbani. Anapoulizwa atafikia wapi, nyumba zetu nyingi hazina namba. Aandike jina la mwenyeji, shehia, wilaya na simu inayopatikana. Inayopatikana, nasema, si ile laini iliyolala kabatini.

Halafu kuna bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayetoka nje ya nchi kuja Zanzibar anakata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa siku 92, hata kama huko kwao ana bima nyengine. Hii ni yetu Zanzibar. Viza ni ya Muungano, maana uraia na uhamiaji vyote ni mambo ya Muungano, kwa hiyo msiende kumgombeza sheha.

Akishaingia, ile viza ni ya matembezi. Binti muuguzi kutoka Manchester anayetaka kusaidia hospitali mwezi mzima bila malipo, naye anahitaji kibali. Kujitolea ni kazi mbele ya sheria. Na aliyekuja kwa ajili ya mikarafuu ya marehemu baba yake aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mirathi haisomwi kwenye muhuri wa uwanja wa ndege.

Mimi binafsi dola 50 hazinikeri. Linalonikera ni kuwa mlango ni mmoja tu. Jamaa zetu wa Mji Mkongwe wenye asili ya Kutch, India imewawekea kadi tangu mwaka 2005. Inafika mpaka kitukuu wa aliyeondoka, na ni viza ya maisha. Kura hapigi, shamba la kilimo hanunui, lakini anaingia kama mtu wa nyumbani. Ethiopia nayo ina kitambulisho cha watu wa asili yake. Sisi nasi tumeingia kwenye habari ya hadhi maalumu kwa watu wa asili yetu walioko nje, ambayo si uraia pacha, na mimi naiunga mkono. Ila nitauliza kila siku: ardhi si jambo la Muungano, sheria yake ni ya huku, ya mwaka 1992. Hiyo hadhi itamsaidia nini mtoto wa Mtambwe asiye na haki ya kiwanja Mtambwe?

Nimeona mkono wa bibi pale. Anauliza: mtu akifiwa ghafla, atangoja wiki ngapi? Hangoji, bibi yangu. Kwa mwenye pasipoti ya Uingereza au Marekani, viza hutolewa pale pale anaposhuka, Uwanja wa Abeid Amani Karume. Aje na tiketi ya kurudi na kadi ya benki, bima aikate kwa simu akiwa njiani. Foleni ipo. Maziko huenda asiyawahi, maana sisi hatuweki maiti, hitma ataikuta.