Jina la Pili: Mazungumzo na Wanabaraza wa Ngamiani, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, ahsanteni kwa kuziacha sufuria jikoni mkaja kunisikiliza. Vijana, sogeeni mbele, mikeka ipo ya kutosha.

Alhamisi iliyopita nilikuwa natoka dukani, nikaitwa hapahapa barazani. "Mwalimu, njoo na wewe ututajie wako." Nikasogea. Vijana wameichukua kalenda iliyokwisha mwaka, wameigeuza mgongo, wameandika juu kabisa kwa kalamu nene ya bluu: 2030. Chini yake majina tisa ya wanaowatabiri kuwa wagombea urais. Kila jina limewekewa vijiti, vinne na mstari wa kukatiza, kama tunavyohesabu kura darasani tukichagua kiranja. Doa la kahawa limekaa juu ya jina la nne na wino umevuja. Nikavaa miwani, nikasoma mpaka mwisho, kisha nikauliza: wa pili wako wapi?

Wakatazamana. "Wa pili nani, Mwalimu?"

Mgombea mwenza, yule anayesimama pamoja na mgombea urais ili awe makamu wake.

Kijana mmoja, namwona yuko hapa, akasema, "Ah, huyo watampanga wao."

Neno hilo sikulala nalo vizuri. Ndilo lililonifanya niombe hii nafasi ya leo. Nimefundisha uraia miaka mingi katika mkoa huu, na naona uchungu mtu anapolitupa jina la pili wakati kura anayopiga ni moja na inawachagua watu wawili.

Kwanza niseme kwamba kutabiri si dhambi. Chama kinapokwenda kumchagua atakayepeperusha bendera yake, raia ana haki ya kuuliza, kupima na kubisha. Ila sisi tunatabiri kwa kuangalia nani kapigiwa makofi wapi, nani kasimama karibu na nani msibani. Majina ya namna hiyo ni kama ule msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo.

Wazee wenzangu wanakumbuka 1985. Mwalimu Nyerere anang'atuka, na watu wengi walikuwa na jina la Salim Ahmed Salim mdomoni, waziri mkuu wa wakati ule. Likatoka la Ali Hassan Mwinyi, ambaye uongozi wa Zanzibar alikuwa ameushika mwaka mmoja tu nyuma, baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu. Mwaka 1995 kule Dodoma, CCM ikipiga kura kumpata mgombea wake, Jakaya Kikwete aliongoza raundi ya kwanza, na kuna waliokwisha kumpongeza. Raundi ya pili Benjamin Mkapa akapata kura 686, Kikwete 639.

Halafu 2015. Hii nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu hapa Tanga tulikuwa na mtu wetu. Waliorudisha fomu CCM walikuwa 38. Tulikuwa tumejifunza kanuni moja ya barazani: rais hutokea wizara ya mambo ya nje, maana Mkapa alipita huko na Kikwete akapita huko. Kwa hiyo wengine wakamweka Bernard Membe. Wengine wakasema Edward Lowassa hazuiliki. Usiku Kamati Kuu ikakata, Lowassa hayumo katika watano, na wajumbe watatu wa kamati hiyohiyo, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, wakatoka mbele ya waandishi kusema hawakubaliani. January Makamba wa Bumbuli alikuwemo katika watano, na najua nyumba za mkoa huu ambazo usiku ule hazikulala. Halmashauri Kuu ikabakiza watatu: Amina Salum Ali, Asha-Rose Migiro na John Magufuli. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Waziri wa ujenzi! Kanuni yetu ya mambo ya nje ikafia palepale.

Sasa nawauliza. Siku ile Magufuli alipotangazwa, nani hapa alimtazama yule mama aliyesimamishwa kando yake? Mimi mwenyewe nilikuwa nasikiliza redio, na jina lake lilipotajwa nilinyanyuka kwenda kuzima jiko. Samia Suluhu Hassan. Nilifurahi kuwa ni mwanamke, nikaendelea na mboga zangu.

Miaka sita haikutimia. Machi 2021 Makamu wa Rais alikuwa ziarani, na ziara ilikuwa katika mkoa huuhuu wa Tanga. Wengine hapa mlisimama juani kumwona. Tarehe 17 usiku tukamwona kwenye televisheni, sauti nzito, anatutangazia kifo cha Rais. Tarehe 19 akaapa. Hapakuwa na uchaguzi, fomu wala mkutano mkuu. Kura ilikuwa imekwisha kupigwa, tuliipiga wenyewe, pamoja na jina ambalo mimi nililikimbia nikaenda jikoni.

Utaratibu huu haukuwepo tangu zamani. Ulikuja na mabadiliko ya Katiba ya 1994, ukaanza kutumika katika uchaguzi wa 1995. Kabla ya hapo tulikuwa na makamu wawili. Katiba sasa inasema mgombea urais asimame na mwenza wa chama kilekile, na kama mmoja anatoka upande mmoja wa Muungano, mwenzake atoke upande wa pili. Rais akifariki, makamu anamalizia muda uliobaki, na jina la makamu mpya linapelekwa bungeni kuthibitishwa. Ndivyo Dkt. Philip Mpango alivyopata kiti kile 2021.

Hilo la chama kilekile nalo lina kisa. Mwaka 2015 vyama vya upinzani viliungana chini ya UKAWA, Lowassa akahama CCM na kusimama kwa tiketi ya Chadema, na mwenza wakamtaka Juma Duni Haji, mtu wa CUF. Sheria haiutambui urafiki wa vyama. Ikabidi mzee wa watu aondoke chama chake, achukue kadi ya Chadema, ndipo jina lake likae kwenye karatasi ya kura.

Mwaka 2005 ndio uliniingia mwilini. Nilikuwa msimamizi wa kituo katika darasa la shule niliyokuwa nafundisha. Kura ilikuwa tarehe 30 Oktoba. Madawati tulikwisha kuyatoa, kamba ya foleni tumeifunga kwenye mwembe, orodha ya wapiga kura nimeibandika ukutani kwa uji wa unga wa muhogo kwa sababu gundi iliyoletwa haikushika. Siku nne kabla, mgombea mwenza wa Chadema, Jumbe Rajab Jumbe, akafariki. Tume ikaahirisha uchaguzi wa Muungano mpaka tarehe 14 Desemba. Nchi nzima ilisimama, na aliyeisimamisha ni mtu ambaye katika kituo changu, nawaapia, wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake. Orodha yangu ikanyeshewa na mvua za vuli. Nilikuwa naibandua kwa kisu, uji umeganda, majina yanatoka vipandevipande, huku bibi mmoja kanisimamia ananiuliza kama jina lake limekatwa. Nikamwambia hapana bibi, amefariki mwenza. Akaniuliza: mwenza ndiye nani?

Miaka mingi imepita na swali la bibi yule ndilo swali la kijana wetu wa Alhamisi.

Basi chama kikimtafuta mwenza kinatafuta nini? Nitasema ninavyoona mimi. Mara nyingine kinatafuta utulivu. Dkt. Omar Ali Juma, mwenza wa kwanza kabisa wa CCM, alikuwa ametoka kuwa waziri kiongozi wa Zanzibar, mtu wa Pemba. Alipofariki Julai 2001, akaja Dkt. Ali Mohamed Shein, naye wa Pemba. Mara nyingine kinapoza moto. Mwaka 2010 Shein na Dkt. Mohamed Gharib Bilal wote waliutaka urais wa Zanzibar. Shein akapata, na Bilal akawekwa mwenza wa Kikwete. Sidhani kama yalikuwa mambo ya bahati. Ukiwa na watu wawili wenye wafuasi na kiti kimoja, kiti cha pili kina thamani kubwa.

Lipo pia jambo tunalolinong'ona, nami leo nalisema kwa sauti. Watu huhesabu: Nyerere Mkristo, Mwinyi Muislamu, Mkapa Mkristo, Kikwete Muislamu, Magufuli Mkristo, Samia Muislamu. Kisha wanasema zamu ijayo inajulikana. Hakuna kifungu cha Katiba kinachosema hivyo, na Machi 2021 zamu hiyo haikupangwa na kikao, ilikuja na msiba. Mimi naogopa tunapoifanya desturi hii kuwa sheria, kwa sababu mtoto mwerevu wa upande wowote ataambiwa asubiri miaka kumi kwa jambo alilozaliwa nalo. Mkiandika majina, hesabu hiyo iacheni.

Tuje karibu. Januari 2025 wajumbe wa CCM waliitwa Dodoma kwenye mkutano mkuu maalumu, na kazi tuliyoijua ilikuwa kujaza nafasi ya makamu mwenyekiti. Watabiri wetu walikuwa wanasubiri katikati ya mwaka kama kawaida. Mkutano ukamalizika mgombea kapatikana, na mwenza kapatikana: Mpango aliomba kupumzika, akatajwa Nchimbi. Yuleyule aliyetoka usiku wa 2015 kupinga kamati yake. Nani barazani alikuwa na jina hilo? Hamkuwa nalo kwa sababu hamkuwa mnatafuta mwenza. Na mwaka huohuo Chadema haikuwa na jina hata moja kwenye karatasi ya kura, ilizuiwa baada ya kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Yaliyotokea tarehe 29 Oktoba, siku ya kura, na siku zilizofuata ni maumivu ambayo kila mmoja hapa anayajua. Nasema tu kwamba kutabiri kuna maana pale ambapo pana majina ya kutosha ya kutabiriwa.

Sasa 2030. Rais wa sasa hawezi kusimama tena. Katiba inasema makamu akirithi urais ikiwa imebaki miaka mitatu au zaidi, anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Machi 2021 ilikuwa imebaki zaidi ya minne, na mara moja yake ilikuwa 2025. Hilo si tetesi, liandikeni kwa wino. Kwa hiyo CCM itaanza upya, na ikianza upya watia nia huwa wengi, tumeona 1995, tumeona 2005, tumeona 2015.

Katika majina tisa ya kalenda, nimehesabu saba wa Bara. Mkiwa sahihi, mwenza atatoka Zanzibar. Hapo kazi ndiyo inaanza: Unguja au Pemba? Tangu Shein aondoke kwenye kiti kile 2010, wenza wa CCM kutoka Zanzibar wamekuwa wawili, Bilal na Samia, wote wa Unguja. Ningekuwa na kijiti kimoja ningekiweka Pemba, na ningemtafuta mwanamke, kwa sababu nchi imekwisha kuona mwanamke akiapa na anga halikuanguka. Nikikosea mtanikumbusha, nipo Makorora, mlango haufungwi. Na kama mtu wenu wa kwanza anatoka Zanzibar, geuzeni: mtafuteni mwenza Bara, mwenye miaka 40 au zaidi, na muulize je, akiamka asubuhi kaambiwa nchi ni yako, ataweza?

Hilo swali lipelekeni kwa kila chama.

Nimeambiwa kuna maswali. Wewe mwanangu, simama. Nimekuona umeleta ile kalenda.

"Mwalimu, nimechora mstari katikati, kama ulivyosema. Upande wa kulia bado mtupu. Tuanze na nani?"

Lete kalamu. Kaeni wawili wawili kwa kila jina, msiandike mpaka mbishane. Na wewe mwenye kahawa, subiri kidogo, usimimine juu ya karatasi.