Udongo Uulizwe Kwanza

Ahsante, mwenyekiti. Umenipa dakika ishirini za kusema juu ya mpango wenu wa kujenga soko na chekechea kwenye ardhi ya mabaki ya mgodi, na wanaonijua nawaona wameshaanza kucheka. Historia ya Kilembe, mgodi wetu wa shaba hapa magharibi mwa Uganda, sitaisimulia. Nusu yenu baba zenu walishuka shimoni, na Kiswahili hiki tulikirithi kambini, ambako Mkonzo na Mluo hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania.

Nimekuja na chupa. Maji haya nimeyachota asubuhi kwenye mtaro ulio chini ya lundo la mabaki ya mgodi, ule unga wa mawe uliobaki baada ya kutoa shaba. Yatazameni, maangavu kabisa. Na huu ni msumari wa inchi nne, nimeusugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Nautumbukiza hivi. Tuuache.

Mara ya kwanza kuuona mchezo huu nilikuwa na miaka tisa. Kaka yangu alitutumbukizia msumari, ukatoka mwekundu kama senti mpya. Sisi watoto tukajua tumepata dhahabu! Rafiki yangu mmoja alikwenda kuchukua mkebe mzima wa misumari ya baba yake, aliyekuwa anaezeka jikoni, akailoweka yote usiku kucha. Asubuhi ilikuwa mizuri ajabu, ila imeliwa, mingine imebaki kama miiba ya samaki. Alichapwa mpaka majirani wakaingilia. Mzee yule aliezeka kwa misumari ya kukopa, na hakutusamehe hadi anakufa.

Kilichotokea ni hiki: shaba iliyoyeyuka majini huganda juu ya chuma, na chuma nacho huyeyuka kikaondoka na maji. Swali ni nani aliyeiyeyusha shaba. Ndani ya mabaki mna pairaiti, jiwe la chuma na salfa. Likiwa ndani ya mlima halina neno na mtu. Lisage liwe unga, lianike, linyeshewe: linatoa asidi, na asidi inayeyusha shaba, kobalti, nikeli na zinki. Kati ya 1956 na 1982 bonde letu lilimwagiwa zaidi ya tani milioni 15 za unga huo. Mgodi ukafungwa, asidi ikaendelea na zamu yake.

Najua kuna atakayesema, "Mzee, si lile lundo la kule mjini Kasese lilishachakatwa?" Lile ndiyo. Kuanzia 1999 walitoa kobalti kwa kutumia bakteria wanaoishi kwa salfa na chuma. Bakteria wa jamii hiyo hiyo wamo kwenye mabaki ya bondeni, wanafanya kazi bila mshahara, na kiwanda hakuna.

Mwingine atasema, "Mbona tumekula muhogo wa hapa tukakua?" Hata mimi nimekula. Lakini wewe na mimi ndio tuliopo kusimulia. Mtoto anayetambaa hutia vumbi mdomoni kutwa nzima, na mboga za majani, hiyo dodo, yaani mchicha, tunayoipenda, hubeba metali kuliko matunda. Metali haziozi, ndugu zangu. Mafuta yaliyomwagika gereji, vijidudu huyamaliza polepole. Risasi na shaba utazikuta pale pale mjukuu wako akizeeka.

Sasa mpango wenu wa soko na shule ya chekechea. Nimesikia: tumwage kifusi chekundu futi mbili, tushindilie, tukate utepe. Huko Marekani, mjini Niagara Falls, kampuni ilizika karibu tani 21,000 za kemikali kwenye mfereji wa zamani, ikaufukia, na mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule kwa dola 1. Dola moja! Hati yenyewe ilitaja kuwa kuna kemikali. Wakajenga shule, nyumba zikaizunguka. Mwaka 1978 familia zikaanza kuhamishwa. Kiwanja cha bei hiyo mtu angeuliza kwanza.

Kwa hiyo chimbeni mashimo ya majaribio, kila hatua ishirini, mchukue udongo wa juu, wa goti na wa kiuno, upelekwe maabara kabla mchoraji hajashika penseli. Pakikutwa pabaya kidogo, chokaa hupoza asidi, juu yake mfinyanzi ulioshindiliwa, na mitaro ya kuzuia mvua isipenye. Soko lenye sakafu ya zege linawezekana. Chekechea, hapana, bustani ya shule, hapana kabisa. Na ukingo wa mto Nyamwamba ujengewe mawe ya kwenye wavu kwanza, maana mwaka 2013 na 2020 mto ulifurika ukaja kuchota mabaki wenyewe, na huko chini unakoelekea wanangoja wavuvi wa Ziwa George.

Nilitaka kuzungumzia sheria ya mazingira ya 2019 na nani alipe iwapo mchafuzi ameshaondoka, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, siku nyingine.

Msumari huu hapa. Umeona? Upitisheni. Usilambe, kijana! Mama pale nyuma, ukimaliza mpe mwenyekiti naye aushike, halafu mnawe mikono wote. Bomba liko nje, sabuni nimeleta mwenyewe.