Nauli ya Kusubiri

Mhadhara mbele ya madereva na wenye magari, Magomeni, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za jioni. Nimepewa dakika arobaini, na mwenyekiti ameshaweka saa yake mezani, kwa hiyo salamu nazifupisha. Nawaona wale waliokaa karibu na mlango, simu mkononi. Nawajua, mpo hewani, programu imewashwa mnangoja abiria. Rikwesti ikiingia nendeni, sitanuna.

Mimi ni mhasibu. Sijaendesha taksi hata siku moja. Nina Toyota IST moja yenye namba nyeupe za biashara, niliyoinunua kwa mkopo nikaiingiza kwenye mtandao wa kuita taksi kwa simu, na nina dereva anayeniletea hesabu, yaani kiasi kile kile cha fedha kila siku. Kwa hiyo msinione nimesimama hapa mkadhani ni mtetezi wa wanyonge. Mimi ndiye tajiri mwenyewe, mwenye gari. Nitakayoyasema nimeyaona nikiwa upande wa kupokea.

Tuanze na ile simu ambayo kila mkazi wa mji huu anaijua. Umeita gari, simu inalia: "Habari, upo wapi? Unaelekea wapi? Unalipa keshi au kadi?" Ukisema kadi, kinapita kimya kidogo, halafu safari inafutwa. Unabaki barabarani unalaani: hawa watu hawana ustaarabu. Nami nililaani hivyo hivyo, mpaka siku dereva wangu alipokaa kibarazani kwangu na kikombe cha chai akanieleza. "Bosi, hela ya kadi inaingia kwao kwanza, wanakata chao, halafu wananipa siku yao ya kulipa. Mafuta nanunua leo. Na wewe hesabu unaitaka leo." Hilo la mwisho alilisema taratibu, macho kwenye kikombe.

Lile la "unaelekea wapi" nalo si umbea. Abiria anayekwenda Kigamboni huko ndani kabisa, saa nne usiku, anamlipa dereva kwenda. Kurudi hakuna anayemlipa. Mafuta ya kurudi ni yake, usingizi ni wake, tairi ni lake.

Sasa wazee wa kijiwe mliopo hapa mnisahihishe nikikosea. Kijiwe cha taksi nilichokua nikikiona kilikuwa na mwarobaini, benchi, drafti ya vifuniko vya soda, na magari yamepangana kwa zamu. Abiria akija, wa mbele ndiye anayeondoka. Bei ni ya mdomo. Unaambiwa elfu kumi, unashika kichwa, unasema huu wizi, mnakutana kwenye elfu nane. Mimi nilikuwa bingwa wa kushika kichwa. Nilikuwa napiga kilomita, napiga mafuta, naona huyu bwana anatengeneza faida kuliko benki. Mhasibu mzima nimekosea hesabu ya darasa la nne! Nilihesabu dakika kumi na tano alizokuwa na mimi. Sikuhesabu saa tatu alizokaa chini ya mwarobaini akingoja zamu yake ifike. Kusubiri kulikuwa ndani ya nauli. Zile elfu nane zililipa safari yangu na zililipa benchi.

Sikisifii kijiwe. Kulikuwa na kiingilio ambacho kijana asiye na mtu hakuweza kukilipa, kulikuwa na bei ya kuangaliwa viatu, na mwanamke kupanda taksi bubu saa sita usiku ilikuwa ni kumwachia Mungu. Mtandao ulipokuja nilikuwa wa kwanza kushangilia. Namba ya gari naiona, jina la dereva naliona, namtumia mdogo wangu ramani anifuate kwa macho mpaka mlangoni. Hilo sitalikana mbele yenu hata mkinizomea.

Uber, kampuni ya kuita gari kwa simu, iliingia Nairobi Januari 2015, ikaingia hapa kwetu 2016. Zikafuata nyingine. Tukaambiwa teknolojia inamkutanisha abiria na dereva bila kupoteza muda. Ni kweli kwa abiria. Lakini fikirini: gari linapokufikia ndani ya dakika tatu, maana yake palikuwa na dereva amekaa tupu dakika tatu kutoka ulipo. Usipoita wewe, ataendelea kukaa. Ili kila mtu wa mji huu apate gari kwa dakika tatu, lazima magari mengi yawe yamekaa bure wakati wote, yametawanyika kila kona. Kampuni haiumii kwa hilo, kwa sababu gari si lake na saa si zake. Kila dereva mpya anayejiunga anapunguza dakika za abiria na kuongeza dakika za madereva waliokuwepo. Benchi la kijiwe halikuondoka. Limehamia ndani ya gari, limeondolewa kwenye nauli.

Mkitaka kuliona, piteni saa nane mchana karibu na hospitali yoyote kubwa ya mji huu. Magari yamejibanza chini ya mikungu, vioo vimeshushwa nusu, kiti kimelazwa, dereva kalala na mguu mmoja nje ya mlango. AC imezimwa kwa sababu AC ni mafuta. Simu imebanwa kwenye tundu la upepo, waya wa chaji unaning'inia, bando linaliwa. Mpita njia atasema anapumzika. Hapumziki yule, yupo kazini. Hana anayemlipa tu.

Sasa niwaudhi kidogo. Miaka yote hii sisi tumepigana vita ya asilimia. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, iliagiza kampuni zisikate zaidi ya asilimia 15, wakati zilikuwa zikikata 25 na zaidi. Tulishangilia. Aprili ile ile Uber ikasimamisha huduma Tanzania, ikasema kwa masharti hayo haiwezi. Ikarudi Januari 2023, baada ya ukomo kupandishwa tena hadi 25. Wenzetu Kenya kanuni zao za 2022 ziliweka ukomo wa asilimia 18, na kampuni ikaenda mahakamani kuzipinga. Kelele kubwa, mawakili wakubwa. Mimi nauliza swali la kihasibu: asilimia ya nini?

Chukueni kalamu. Katikati ya 2016, Uber ilishusha bei Nairobi. Kilomita iliyokuwa shilingi 60 za Kenya ikawa 35. Dakika na kianzio tuviache pembeni, tupige kilomita tu. Safari ya kilomita 10 kwa bei ya zamani ni 600. Kampuni ikate robo yake, 150, dereva anabaki na 450. Kwa bei mpya safari ile ile ni 350. Kata robo, anabaki na 262 na senti. Haya, mlete huyo mkombozi wa asilimia 18: anabaki na 287. Sasa nendeni mbali zaidi, semeni kampuni imeokoka, haikati hata senti. Dereva anapata 350. Umeona? Kampuni ichukue sifuri, na dereva bado yupo chini ya pale alipokuwa wakati ikichukua robo. Mwaka uliofuata, baada ya migomo, kilomita ilipandishwa hadi 42. Piga kwa kumi: 420. Bado haijafika 450.

Kwa hiyo mkono unaomfinya dereva haupo kwenye makato. Upo kwenye bei, na bei anayeipanga ni mtu ambaye hajui tairi la IST ni shilingi ngapi. Madereva wa Nairobi walilielewa hilo mapema kuliko sisi. Mwaka 2024 wengi walichapisha bei zao kwenye karatasi wakazibandika ndani ya gari: ukiingia, programu inasema hivi, karatasi inasema vile, tukubaliane au ushuke. Abiria walikasirika na kampuni zikatoa maonyo. Mimi niliona kitu kingine. Niliona kijiwe kimerudi, mwarobaini haupo.

Kuna mahali wakubwa wa sheria waliligusa suala la kusubiri moja kwa moja. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi dhidi ya Uber iliyoanzishwa na madereva, wakiwemo Yaseen Aslam na James Farrar. Kampuni ilisema hawa ni wafanyabiashara huru. Majaji wakatazama nani anapanga nauli, nani anaandika masharti, nani anamwadhibu dereva akikataa safari nyingi, wakasema huyu anafanya kazi chini yenu, anastahili kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Kisha wakaongeza neno ambalo ningependa liandikwe nyuma ya kila gari hapa: muda wa kazi si ule wa abiria kuwa ndani tu, ni muda wote dereva akiwa hewani katika eneo lake, tayari kupokea safari. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kwamba itatii, italipa kima cha chini. Kuanzia lini? Kuanzia dereva anapoipokea safari. Benchi likabaki nje ya nauli hata baada ya hukumu ya mahakama ya juu kabisa.

New York walikuja na njia nyingine. Tangu Februari 2019 mji umepanga malipo ya chini kwa kanuni ya hesabu, lengo la mwanzo likiwa dola 17.22 kwa saa baada ya kutoa gharama. Ndani ya kanuni ile wameweka sehemu ya muda ambao magari yanakuwa na abiria. Magari yakikaa tupu sana, kiwango cha kulipwa kwa kila maili na kila dakika kinapanda. Mimi kama mhasibu nilitaka kupiga makofi: hatimaye kusubiri kumeingia kwenye vitabu! Halafu nikasoma kilichofuata. Mwaka huo huo kampuni zikaanza kuwafungia madereva programu saa ambazo wateja ni wachache. Huwezi kudai malipo ya kusubiri kama hujaruhusiwa kuingia kusubiri. Kwa hiyo anayewaambia kuna dawa ya siku moja, mwacheni aendelee na safari yake.

Sasa nijigeukie mimi. Kampuni inakata asilimia. Dereva akipata kidogo, nayo inapata kidogo. Mimi tajiri nakata nini? Hesabu. Hesabu haijui mvua, haijui Januari, haijui kwamba barabara ya Jangwani imefungwa kwa mafuriko. Bei ya mtandao ilivyoshuka, hesabu yangu haikushuka. Nilikuwa nikikaa na wenzangu tukilaani kampuni za nje zinavyowanyonya vijana wetu, na saa tatu usiku nampigia kijana wangu: mbona pungufu?

Kuna siku akaunti yake ilifungiwa. Abiria mmoja alilalamika, nini hasa hatukuambiwa. Tukaandika ujumbe, tukajibiwa kwa Kiingereza chenye shukrani nyingi. Tukaandika tena, shukrani zile zile. Hakuna ofisi ya kwenda kugonga wala mtu wa kumwamkia. Siku nne gari limelala. Siku ya tano akafunguliwa bila neno. Na mimi, nisiwafiche, siku zile nne nilikuwa nimeziandika kwenye daftari langu kama deni.

Ni daftari hilo lililonitoa usingizini. Nilimwomba anisaidie jambo moja kwa wiki mbili: agawe siku yake kwenye safu tatu. Ya kwanza, muda wa kuwa na abiria. Ya pili, muda wa kuendesha tupu. Ya tatu, muda wa kusimama. Aliandika kwa bolpeni, nyuma ya risiti za gesi. Risiti ya kwanza ninayo hapa. Alitoka saa kumi na moja alfajiri, akalaza gari saa tatu usiku. Hizo ni saa 16. Abiria ndani: saa 5 na dakika 40. Tupu: saa 3. Zilizobaki, zaidi ya saa saba, kasimama. Na ndani ya hizo kuna saa mbili za foleni ya gesi, kwa sababu kama mnavyojua tulifunga mtungi ili kukwepa bei ya petroli, tukakimbilia kwenye foleni. Mtungi wenyewe umekula buti lote, abiria wa uwanja wa ndege akija na masanduku mawili anafuta safari.

Nikampigia nikamwambia, tuache hesabu, tugawane asilimia, mwezi mbaya tuumie wote. Nilijiona mtu mwema sana. Alicheka. "Bosi, ukichukua asilimia utaanza kuniuliza kila safari. Hesabu nikishaitoa, gari ni langu mpaka asubuhi." Nikanyamaza. Alikuwa na sababu: bosi mmoja kwenye simu anamtosha, hakutaka wa pili. Tukakubaliana mambo madogo. Siku ya akaunti kufungiwa haina hesabu. Siku ya sevisi haina hesabu. Jumapili ni yake. Kiwango chenyewe bado tunavutana, na nikiri kwamba benki yangu nayo haijui mvua wala Januari.

Nimekuja na karatasi. Zina safu zile zile tatu, na kijana wangu ameongeza ya nne: foleni ya gesi. Chukueni, jazeni mwezi mmoja, matajiri msaidieni kujumlisha. Siku LATRA wakituita tena kutoa maoni ya nauli, tusiende na asilimia mdomoni, twende na safu ya tatu imejumlishwa. Kwenye mikutano kama ile kampuni zinakuja na takwimu, na takwimu zao zinaanzia rikwesti inapopokelewa.

Naona pale mlangoni wamebaki wawili, walikuwa watano. Karatasi zao watunzieni. Mwenyekiti, nimebakiza dakika sita, zitumike kwa maswali, na tuanze na mzee yule wa kijiwe aliyekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja bei ya elfu nane.