Heda si Stringi: Mhadhara kwa Waandishi wa Programu, Mwanza

Waliokwisha kunisikia wanajua nitasema nini, na nawaona wengine mmeanza kucheka kabla sijafika popote. Chekeni tu. Nitaacha kulisema siku nitakayofungua mradi wa kijana wa Mwanza unaotuma barua pepe nikakosa mstari huu:

to.split(",")

Huo ndio ugomvi wangu wa leo: mstari unaochukua heda ya barua pepe, yaani mistari ya juu kama From, To na Subject, na kuikata penye koma kana kwamba ni stringi, maandishi matupu. Nilitakiwa nizungumzie heda za barua pepe kwa jumla, na nimewaandalia mambo mengi, lakini najijua. Tukifika mwisho muda ukiwa umekwisha, msinilaumu.

Historia siwapi. Kanuni ziko kwenye hati za intaneti ziitwazo RFC: 822 ya 1982, kisha 2822 ya 2001, na tunayoifuata sasa ni 5322 ya 2008. Mnazijua, au angalau mnajua zipo. Ninachotaka mkikamate humo ni kwamba heda ni za aina mbili. Iko heda huru, kama Subject, ambayo mtu anajiandikia apendavyo. Na ziko heda zenye muundo: From, To, Cc, Date, Message-ID na nyinginezo. Hizi zina sarufi, tena imeandikwa kanuni kwa kanuni. Sasa mtu anapokea kitu chenye sarufi, anakitupia ndani ya stringi, halafu anakikata penye koma. Kwa nini? Kwa sababu jana alikijaribu kwa anwani mbili za rafiki zake, kikakubali.

"Lakini mwalimu, anwani si hutenganishwa kwa koma?" Ndiyo. Ila si kila koma inatenganisha anwani, na hapo ndipo penye kisa changu. Wenye kukijua vumilieni.

Kuna kampuni hapa mjini, siitaji, inauza minofu ya sangara Ulaya. Minofu mibichi inakwenda kwa ndege, kwa hiyo ankara na cheti cha afya vinatakiwa vimfikie mnunuzi mapema. Mzigo ukitua bila karatasi, samaki hasubiri mtu atafute kosa kwenye msimbo. Wana mfumo uliokuwa unapokea oda kwa barua pepe na kuwajibu wote waliomo. Siku moja akaja mnunuzi mpya. Ofisi nyingi za kule huandika jina la ukoo kwanza, koma, kisha jina la mtu. Kwa hiyo heda ikaingia hivi:

To: "Ukoo, Jina" <mnunuzi@example.com>, "Ofisi ya Mauzo" <mauzo@example.com>

Hesabuni koma. Mbili. Anwani ni mbili, lakini ukikata penye koma unapata vipande vitatu. Cha kwanza ni alama ya kunukuu ikifuatiwa na neno Ukoo, basi. Mwandishi wa programu ile alikuwa mjanja, ameweka chujio: kipande kisicho na @ kitupwe. Kikatupwa. Vilivyobaki akaviunga tena:

To: Jina" <mnunuzi@example.com>, "Ofisi ya Mauzo" <mauzo@example.com>

Kwa jicho, anwani zote mbili zipo. Isomeni sasa kama seva inavyosoma. Alama ya kunukuu baada ya Jina inafungua nukuu. Nukuu hiyo inafungwa wapi? Kabla ya neno Ofisi. Kwa hiyo anwani nzima ya mnunuzi, pamoja na vile vimkuki viwili vinavyoizunguka, imemezwa ndani ya nukuu na imegeuka sehemu ya jina la mtu. Halafu alama ya baada ya Mauzo inafungua nukuu nyingine, hiyo haifungwi kabisa. Kisarufi, heda ile haina hata anwani moja. Na kwa kuwa programu ilikuwa inachota wapokeaji wa bahasha ya SMTP, yaani orodha ambayo seva hutumia kupeleka barua, kutoka kwenye To hiyohiyo, karatasi hazikwenda popote.

Sasa mnajua walitengenezaje? Waliongeza if. Kama barua imetoka kwa mnunuzi huyu, ondoa koma. (Kicheko.) Mnacheka, lakini akaja mnunuzi wa pili, ikaongezwa if ya pili. Nilipoonyeshwa faili lile, orodha ya wateja wa kampuni ungeweza kuisoma kwenye zile if bila kufungua hifadhidata.

Kuna mtu atasema, wateja wangu ni wa hapahapa, hawaandiki ukoo na koma. Haya. Mteja wako ni shule, nayo imejiandika "Shule ya Sekondari, Ukerewe". Koma hiyo. Mteja wako ni Dkt. fulani: ile nukta baada ya Dkt, kwa sarufi kamili, inataka jina liwekwe ndani ya alama za kunukuu. Mteja wako ameandika Uhasibu (Nyegezi): mabano kwenye heda yenye muundo ni maelezo ya pembeni, kichanganuzi kina haki ya kuyaruka, na Nyegezi ikapotea. Na mteja wako ni Msukuma.

Hapo sitanii. Nusu ya majina ya kanda hii yana ng' ndani yake. Ile alama ya juu iliyonyooka haina shida, ni ASCII, ile seti ya zamani ya herufi za Kiingereza, na sarufi inairuhusu bila nukuu. Lakini karani ameandika jina kwenye programu ya nyaraka, nayo ikaigeuza alama iwe ya kupinda, U+2019, halafu akainakili kwenye fomu yako. Hiyo si ASCII tena. Ndani ya UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote, ni baiti tatu, na kwenye heda ya kawaida inatakiwa isafiri kwa vazi la RFC 2047 ya 1996, yaani ikiandikwa kwa ASCII tupu:

=?utf-8?q?Ng=E2=80=99wanza?=

Usipoivalisha, mtu anafungua barua anakuta Ngâ€™wanza. Kila aliyefanya kazi ofisini Mwanza amewahi kuiona takataka hiyo, na wengi wanadhani ni kirusi.

Na hapa pana mtego ambao hata wazoefu huingia. Ukikutana na vazi hilo, usilivue kwanza ndipo uchanganue. Changanua muundo kwanza, vua baadaye. Kwa sababu ndani ya vazi mtu anaweza kuficha koma: =2C. Ukivua mapema, koma iliyokuwa sehemu ya jina inakuwa koma ya kutenganisha, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kukuongezea mpokeaji ambaye hakuwemo. Stringi haiwezi kukukumbusha mpangilio huo, maana haijui yenyewe ni heda iliyovaa au iliyovuliwa. Zote mbili ni stringi.

"Tutumie regexi." Nilikuwa nakusubiri, kaka. Regexi ni ruwaza ya kutafutia maandishi. Yale mabano niliyosema yanaruhusiwa kuwa ndani ya mabano mengine, na hayo ndani ya mengine, bila kikomo. Regexi halisi haihesabu kina. Ziko zile ndefu mnazozikuta mtandaoni zinazojaza ukurasa. Mwenye kuzielewa simwoni humu, na mimi nimo humu.

Basi dawa ni ipi? Obijekti, yaani kitu kimoja chenye sehemu zake zilizopewa majina. Anwani iwe obijekti yenye jina la kuonyesha, jina la sanduku na kikoa, kila kimoja kikae peke yake. Usiihifadhi ikiwa na vimkuki na nukuu zake. Hizo ni mavazi ya safarini. Ikitoka, obijekti yenyewe inajua kujivalisha:

Address("Ofisi ya Mauzo, Mwanza", "mauzo", "example.com")

Hiyo ni Python, moduli ya email.headerregistry. Ukiigeuza iwe stringi, inaweka nukuu yenyewe kwa sababu imeona koma. Hukuiambia. Java wana InternetAddress inayofanya kazi hiyohiyo.

Kisha panazuka swali la urithi, na hapa vijana waliomaliza chuo juzi hunichosha. Anajenga klasi, yaani vielelezo vya kuundia obijekti: FromHeda, ToHeda, CcHeda, BccHeda, ReplyToHeda, kila moja na faili lake, na msimbo ndani ni uleule. Klasi hazifuati majina ya heda, zinafuata maumbo. From, To, Cc, Bcc na Reply-To zote ni orodha ya anwani: umbo moja. Date na Resent-Date ni umbo la tarehe. Message-ID, In-Reply-To na References ni umbo la vitambulisho. Halafu Content-Type na wenzake wenye vigezo. Subject na kila heda usiyoijua, umbo huru. Maumbo hayazidi vidole vya mkono mmoja kwa mengi. Juu yake unaweka rejesta: ramani kutoka jina la heda, bila kujali herufi kubwa au ndogo, kwenda kwenye klasi ya umbo lake. Masharti mengine, kama kwamba Subject iwe moja tu katika barua, hayo ndiyo unayaweka kwa jina.

Python wamefanya hivyohivyo, na nawasifu, isipokuwa jambo moja. Heda yao ni klasi iliyorithi kutoka str, yaani stringi ya Python. Walitaka msimbo wa zamani usivunjike, naelewa. Lakini matokeo yake, msg["To"] bado inakubali split, na binadamu akiachiwa split ataitumia. Kinachotakiwa kiko pale pale, msg["To"].addresses, kinakupa obijekti zilizochanganuliwa, na hakiulizwi! Na wengi wenu hata hamfiki hapo, kwa sababu message_from_string, ile ya kusomea barua, usipoipa policy=policy.default inakurudishia tabia ya zamani, compat32. Humo unaweza kuandika msg["Subject"] mara mbili na ukapata Subject mbili kimyakimya, maana alama ya usawa pale inaongeza, haibadilishi. Sera mpya, hiyo policy.default, inakurushia kosa, ValueError. Nendeni mkaangalie miradi yenu leo usiku.

Kazi ya kuchanganua ifanyike mpakani. Pale Mwaloni Kirumba mtumbwi ukitia nanga, sangara na sato hutengwa palepale kabla ya mizani. Hakuna anayepeleka fungu lililochanganyika hadi kwa mnunuzi ndipo aanze kuchagua. Barua ikiingia, ichanganuliwe. Ndani ya mfumo zitembee obijekti tu. Ikitoka, iandikwe upya mara moja, mahali pamoja. Hapo mahali pamoja ndipo penye kujua kwamba mstari usizidi herufi 998 na afadhali ubaki 78, kwamba mstari unakunjwa kwa kuanza unaofuata na nafasi, kwamba neno lililovalishwa lisizidi herufi 75. Haya mambo hayapaswi kujulikana na mtu anayeandika moduli ya ankara.

Na hapo mahali pamoja ndipo unapoziba tundu. Sikilizeni, hili nilitaka nilitulie lakini naona saa inanitazama. Tovuti nyingi za hoteli na za shule bado zina fomu ya mawasiliano ya PHP, lugha ya kuandikia tovuti, inayounganisha "From: " na alichoandika mgeni, inakabidhi kwa mail(). Mgeni akiingiza mstari mpya kisha Bcc, heda ya wapokeaji wa siri, tovuti yako inakuwa mashine ya kuwatumia watu barua taka. Tangu PHP 7.2 ya 2017 unaweza kupeleka heda kama safu badala ya stringi. Tumieni. Obijekti nzuri ya heda hukataa mstari mpya kabla haujafika popote.

Message-ID, haraka: vimkuki vyake ni vya sarufi, linganisha kilichomo ndani. Anwani: kikoa hakijali herufi kubwa na ndogo, lakini upande wa kushoto wa @ ni mali ya seva inayopokea, usiushushe herufi kwa ubabe wako. Tarehe: weka obijekti ya tarehe yenye kanda ya saa, yetu ni +0300. -0000 si sawa na +0000. Maana yake mtumaji hasemi lolote kuhusu saa ya kwao, na Python ikiikuta inakupa datetime isiyo na kanda. Na jina la siku ni Mon, si Jumatatu. Ukiunda Date kwa strftime kwenye mashine iliyowekwa Kiswahili, umeharibu heda kwa uzalendo. (Kicheko.) Received, heda ambayo kila seva huongeza barua ikipita, naiacha. Mpangilio wake ni ushahidi wa njia barua iliyopita, usiupange upya, nimemaliza hilo.

Dada pale nyuma, uliza.

Anauliza: ana mfumo una miaka, To zote zimekaa kwenye hifadhidata kama maandishi, afanyeje? Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Usiyafute maandishi, dada. Kama una barua ghafi, zibaki kama zilivyoingia, hata nafasi usiziguse, kwa sababu ukitaka siku moja kuhakiki saini ya DKIM, ile inayothibitisha kikoa kilichotuma barua, heda uliyoiandika upya inaweza kukataa. Pembeni tengeneza jedwali la anwani zilizochanganuliwa. Pitisha zote kwenye kichanganuzi cha maktaba, si chako. Kwa Python, ukitumia sera mpya, kila heda ina .defects, orodha ya kasoro zake; yenye kasoro usiirekebishe kwa kubahatisha, iweke kando na isome kwa macho. Utakuta nyingi zina kasoro ileile moja, na ukifuatilia utafika kwenye faili lenye split. Lifute hilo kwanza, kabla hujaanza kuhamisha data, la sivyo zitakuwa zinaingia mpya huku wewe unasafisha za zamani.